Mkono Mgumu wa Bibi Arusi

Juma lililopita mliniacha nikitoka kanisani mkono ndani ya mkono wa mume wangu. Wengi mliliandikia gazeti kunipongeza, na bwana mmoja wa Shabunda akaniombea mapacha. Rudisheni pongezi zenu mfukoni mpaka mmalize kusoma ya leo.

Kwa aliyekosa matoleo yaliyopita: mimi ni Godelive, binti wa Papa Bulonza wa Kabare. Nina diploma ya ualimu, na nina nafasi katika shule ya wasichana hapa Kadutu. Katikati ya Julai niliolewa na Anaclet, karani wa kampuni moja ya malori.

Mère Directrice, sista mkuu wa shule hiyo, alikuwa ameniambia bila kuzunguka. Mwanamke aliyeolewa haingii darasani bila barua ya ruhusa yenye sahihi ya mume wake. Barua ifike Jumatatu ya kwanza ya Septemba kabla ya kengele. Isipofika, nafasi anapewa mwingine, na wengine walikuwa wamejaa barazani wakingoja niteleze.

Siku ya tatu ya ndoa, Anaclet alinionyesha bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na jina la Mère Directrice limeandikwa juu yake kwa mwandiko wa ofisini, ule wenye mikia mirefu.

"Permission yako iko ndani," akasema. "Nishaweka sahihi. Siku utafikia vipimo, bahasha inaenda shuleni."

"Vipimo gani?"

Akatoa utepe wa fundi cherehani mfukoni. Hapo ndipo misiba yangu ya juma hili inapoanza.

Mume wangu alikuwa amejiandikisha kwa posta katika masomo ya mwili kutoka Brussels. Vilikuja vijitabu kumi na viwili, pamoja na chombo cha rasoro tano, yaani springi za chuma, chenye vishikio viwili vya mbao, cha kuvutia kifuani. Juu ya kila kijitabu alisimama mwalimu mwenyewe, kifua kama mikate miwili, kaptura ndogo kuliko leso. Aliahidi kwamba mtu yeyote anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa majuma sita, mradi atii.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha za mume na mke, kabla na baada. Kabla, wanene na wenye huzuni. Baada, wembamba na wenye meno.

"Tutakuwa wa kwanza," Anaclet akaniambia. "Watu weusi wa kwanza kwenye hii ukurasa. Chef de bureau ataiona. Cercle yote itaiona. Évolué haiwezi kutembea na bibi ya tumbo kama muke ya chefu wa kijiji."

Évolué ndicho cheo Wabelgiji wanachompa mweusi aliyesoma, na Cercle ni klabu yao. Akanizungushia utepe kiunoni. Sabini na tatu. Akaandika.

"Sitini na tano," akasema. "Halafu picha. Halafu shule."

Nilikubali. Najua mnavyoguna. Lakini ninyi hamkuwa na darasa la pili lenye wasichana arobaini wanaowangoja.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Huko alitawala Mama Anaclet, mama mkwe wangu, mjane mwenye sauti ya kengele ya parokia, aliyeamini kwamba Mungu aliumba ulimwengu siku sita na siku ya saba akamwumba Anaclet.

Katika ukoo wao bibi arusi anakaa ndani majuma saba. Hashiki jembe, hachoti maji, hatwangi, hafagii. Anakula na kulala. Siku ya kwanza mama mkwe anamfunga uzi wa mgomba juu ya kiwiko, akiacha nafasi ya vidole viwili. Siku ya kutoka, shangazi wa bibi arusi anakuja na watu wake kuangalia mkono. Uzi ukikatika kwa unene, nyumba inasifiwa. Uzi ukicheza, nyumba inachekwa sokoni mwaka mzima.

Na kuna la kuogopesha zaidi. Wakimkuta na dalili za kazi, watu wake wanamrudisha kwao siku hiyo hiyo. Kumfanyisha kazi bibi arusi aliye ndani ni kumgeuza mtumwa. Ndoa inaanza kuzungumzwa upya, hata kama padri ameibariki mara mbili.

Basi mnaelewa. Mama alinitaka mnene. Mwana alinitaka mwembamba. Mwana hakuthubutu kumwambia mama yake, na mama hakuona sababu ya kumwuliza mwana. Katikati yao nilikaa mimi na diploma yangu, nikitafuna.

"Kula, mutoto."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba na nini? Ile ni sahani ya paka."

"Ni ya tatu, Mama."

"Unaihesabu? Njo maana haunenepi. Chakula ukiihesabu inaenda bure. Batu ya masomo muko na shida."

Alileta maharage. Alileta nyama ya mbuzi. Alileta mashanza, yale maziwa ya kuganda ya kwao, kibuyu kizima asubuhi na kingine jioni, akasimama mlangoni mpaka nimeze. Kisha alinifunika blanketi mchana kweupe na kuniamuru nilale, kama mtu anayefunika mtungi wa kasiksi ili pombe iive.

Lakini mama mkwe wangu alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa mtakatifu. Kila alfajiri alikwenda misa ya kwanza. Ndala zake zikishapotea kwenye mteremko, Anaclet alichomoka kitandani na kijitabu, utepe na saa.

"Mikono juu. Un, deux. Un, deux. Pumua na pua."

"Na wewe?"

"Mimi ninaongoza."

Chini ya kitanda alikuwa ameficha magurudumu mawili ya meno ya lori, yale mafundi wanayoita pinyo, kilo nane kila moja, yakiwa yamefungwa ndani ya mashati yake ya zamani. Niliyapandisha mpaka mabegani, nikayashusha. Nilichuchumaa nayo, nikasimama. Anaclet aliketi kwenye kiti na kuhesabu. Alihesabu vizuri sana. Ndiyo kazi yake.

Sasa niseme jambo moja kwa haki. Yule mwalimu wa kaptura hakuwa mwongo. Nilivisoma vijitabu vyake vyote kumi na viwili, maana mchana sikuwa na kingine cha kusoma ila kalenda ya parokia. Alisema mafuta hupungua ukipunguza unga na pombe na ukitembeza mwili. Alisema misuli hujengwa kwa vitu vitatu: mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, chakula chenye nguvu kama maharage, mayai, nyama na maziwa, na usingizi wa kutosha.

Mume wangu alisoma nusu ya kwanza, akaona inatosha. Aliacha bugali. Akaacha na maharage pia, akaacha na nyama. Alikula yai moja kwa siku na kahawa isiyo na sukari, akitazama kioo. Kufika juma la tatu, mifupa ya mabega yake ingeweza kutundikwa koti bila msumari. Tumbo lake dogo lilibaki palepale, kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka.

Mimi kasiksi nilikataa kwa adabu. Bugali nilikula nusu, nusu ya pili nikawapa kuku dirishani. Yote mengine nililetewa na mama mkwe, pamoja na usingizi. Mama alileta chakula, mwana alileta chuma, na hakuna kati yao aliyejua kwamba walikuwa wakijenga nyumba moja.

Asubuhi moja nilimwambia Anaclet, "Leo uvute wewe hizi rasoro, nione mwalimu anavyofanya."

"Nilishavuta sana zamani."

"Nivutie kidogo basi. Nijifunze."

Akasimama. Akavua shati, jambo ambalo lilikuwa kosa la kwanza. Akashika vishikio, akavuta. Rasoro zilifunguka kwa upana wa kitabu cha sala, zikatetemeka, zikarudi. Akavuta tena. Mara ya tatu kishikio kilimponyoka na kumpiga mdomoni.

Nikachukua chombo. Nikavuta rasoro zote tano mpaka mikono yangu ikanyooka kama ya msalaba. Nikakaa hivyo nikimtazama. Nikarudisha polepole.

Anaclet alijifuta mdomo.

"Zimelegea," akasema, "kwa sababu nilianza mimi kuzivuta."

Akavaa shati, akaenda kazini.

Juma la nne kampuni ilimtuma Kamituga na malori, siku kumi na nne. Kabla ya kupanda alinipa maagizo dirishani, akizungumza chini kwa chini kwa sababu ya mama yake.

"Usiguse vyuma kama siko. Mwanamuke anaweza kujivunja."

"Ndiyo, Anaclet."

"Unafanya ya kuinama tu. Ile ya kiuno."

"Ndiyo, Anaclet."

Na hapa, wasomaji, naungama, maana gazeti hili hunilipia ungamo, halinilipii sifa. Alfajiri ya kwanza bila yeye, mama mkwe alipokwenda misa, ningeweza kulala. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Hakuna aliyeshika utepe. Nilivuta pinyo chini ya kitanda nikayapandisha mara ishirini, na siku ya pili mara ishirini na tano, na siku ya tano nikayafunga yote mawili kwa mkanda mmoja nikayapandisha pamoja.

Sikufanya kwa ajili ya bahasha. Wala picha. Wala mume. Nilifanya kwa sababu kila jioni nilipokunja mkono niliona kitu kikiinuka chini ya ngozi, na kitu hicho hakuna mtu aliyenipa ruhusa nacho. Nilisoma miaka saba kwa masista, nikapata diploma, na bado ilinibidi kuomba sahihi. Mkono huu haukuomba.

Mama Anaclet naye hakuwa kipofu. Siku moja alinikanda bega akiniletea mashanza.

"Uko muzito," akasema. "Lakini hautingishiki."

"Ni baridi, Mama. Nyama imeganda."

Alifikiri. "Nitaongeza maziwa."

Anaclet alirudi siku chache kabla ya kutoka kwangu, mwekundu kwa vumbi la barabara ya Mwenga na mwembamba zaidi. Hakunisalimu. Alitoa utepe. Sitini na nne.

"Tumefika," akasema, kana kwamba alikuwa amekuja na kiuno hicho ndani ya lori. Kisha akanizungushia utepe mkononi, juu ya kiwiko. Akapima mara mbili. Akakunja uso.

"Huyu mukono ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Kwenye picha utauweka nyuma yangu."

"Na bahasha?"

"Jumapili unatoka. Nikimaliza na wageni tunaenda kwa mupiga picha. Jumatatu asubuhi mimi mwenyewe ninapeleka bahasha kwa Mère Directrice, na mikono yangu miwili. Unataka nini zaidi?"

Bahasha hiyo ilikaa majuma saba ndani ya droo isiyo na ufunguo. Mnaniuliza kwa nini sikuifungua. Kwa sababu masista walinifundisha kwamba mtu aliyesoma hafungui barua ya mwingine. Nililala mita mbili kutoka kwenye droo hiyo, nikajivunia adabu yangu. Mtu asiyesoma angeifungua siku ya kwanza.

Jumapili ikafika. Watu wangu walitoka Kabare mapema wakaingia uani baada ya misa kuu: Papa, na dada yake Shangazi Adolphine, na wanawake wanane wenye macho makali. Upande wa Anaclet walikaa wazee na shangazi zake. Makarani wenzake walialikwa jioni, kwenye bia.

Nilitolewa ndani nimevaa kitenge kipya, nimepakwa siagi mpaka nzi wanateleza. Uzi wa mgomba ulikuwa umekaza mkononi, umeacha mfereji. Mama Anaclet alitembea mbele yangu kama amepewa medali na gavana.

Shangazi Adolphine ni mwanamke mzito, mwenye kiko mdomoni ambacho sikuwa nimewahi kukiona kikiwaka wala kikitoka. Alinishika kwenye kiwiko.

"Kunja mukono, mutoto."

Nilikunja. Uzi ulikatika, ukaruka, ukaanguka miguuni pa Papa.

Vigelegele vikapasua uwanja. Mama Anaclet alianza kucheza, akizunguka pale alipo, akiwanyooshea kidole majirani mmoja mmoja juu ya ua. Wanawake wa Kabare wakapiga makofi. Anaclet, nyuma ya kiti cha mjomba wake, alitabasamu kama mwenye duka.

Shangazi Adolphine peke yake hakuwa amepiga kigelegele. Alikuwa bado ameshika mkono wangu.

Akauminya. Akauminya tena kwa vidole vinne. Akaminya mkono wake mwenyewe, ule wa mafuta, halafu wangu. Kelele zikapungua moja moja.

"Bulonza," akamwita Papa. "Kuya ushike huyu mutoto wako."

Papa akaja, akashika.

"Mafuta ukiweka kidole, inaingia," Shangazi akasema kwa sauti ya kila mtu. "Huyu mukono unarudisha kidole. Kamata bega. Kamata mugongo. Ile ni mwili ya bibi arusi? Ile ni mwili ya mubebaji wa posho, wale wanapandaka na mizigo Kamituga. Mama Anaclet, ulimubebesha mutoto yetu nini majuma saba?"

Mama mkwe wangu alisimama na mguu mmoja bado juu, katikati ya dansi.

"Mimi? Hakubeba hata kikombe."

"Mukono inasema alibeba."

"Kwa komunyo nilipokea leo asubuhi, Adolphine. Hakuosha hata uso wake mwenyewe. Nilimwosha mimi."

"Sasa nyama ngumu inatoka wapi? Kwa maziwa?"

Wanawake wanane walicheka kicheko kimoja. Majirani waliokuwa wakinyooshewa vidole walikuwa sasa juu ya ua wamekaa vizuri.

Niwaambie ukweli: nilifurahi. Majuma saba mwanamke huyo alinimiminia maziwa kooni kama ndama, akanitangaza kwa wageni dirishani kama bidhaa, akaniita batu ya masomo. Nikaona uso wake ukianguka, na nikaona ni mzuri kuangalia.

Nilimtazama Anaclet. Alinitazama yeye pia. Kwa kidole kimoja akagusa kifua cha koti lake, mfuko wa ndani, pale alipoitia bahasha asubuhi ile, halafu akakiweka kidole mdomoni.

Maana yake haikuhitaji kijitabu. Nyamaza, na utafundisha.

Lakini Papa alikuwa ameshaamua. Papa si mtu wa kupiga kelele. Akivunja kitu, hukivunja polepole.

"Godelive," akasema, "vaa viatu. Tunaenda nyumbani."

Nikahesabu haraka. Nikinyamaza, ninarudi Kabare, na mwanamke aliyerudishwa hana mume wa kumtilia sahihi. Nikisema, Anaclet anaaibika, na bahasha inachanika. Njia zote mbili ziliishia nje ya mlango wa darasa.

Mama Anaclet alikuwa amekaa chini, kwenye udongo, na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Sikuwahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe kabisa. Hakuwa akilia wala kuapa tena.

"Godelive," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kutamka jina langu. "Sema wewe. Nilikutuma kazi?"

Nikafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa hesabu.

"Hapana, Mama. Papa, Mama hakunituma. Ni mimi."

Niliingia ndani, nikavuta pinyo chini ya kitanda, nikatoka nayo, moja kila mkono, nikayaweka mbele ya Shangazi Adolphine. Mashati ya Anaclet niliyaacha kitandani. Bado nilimheshimu kiasi hicho.

Shangazi alijaribu kuinua moja, akaliacha.

"Vyuma hii unaipelekaka wapi?"

"Siyo mahali, Shangazi. Inapandishwa, inashushwa."

"Halafu?"

"Halafu inapandishwa tena."

Shangazi alilisukuma moja kwa mguu.

"Kazi isiyofika," akasema. "Hata Wabelgiji hawajatutuma ile."

"Ni kujenga mwili, Shangazi. Wanafanya Ulaya."

"Ulaya hawana majembe?"

Watu walicheka, lakini Papa hakucheka. "Vyuma ya lori haioti chini ya kitanda," akasema. "Nani alikupa?"

Niligeuza tu macho. Watu wote wakafuata macho yangu mpaka yakafika kwenye koti la Anaclet.

Nilimpa nafasi, wasomaji. Nawaomba mlikumbuke hilo. Angesema, ndiyo, Papa, ni masomo ya mwili, nilitaka tuwe wazuri kwenye picha. Watu wangecheka, wangekunywa, yangeisha.

Anaclet alijirekebisha tai.

"Mimi ni commis, karani wa bureau," akasema. "Mambo ya pinyo ni ya bamekanisien. Ile vyuma siijui."

Mama yake aliinua kichwa. Alimtazama kama mtu anayetazama sarafu aliyopewa sokoni.

"Huijui," Papa akasema.

"Siijui, Papa."

"Na ndani ya koti, kuna nini? Tangu tuanze kusema unashika kifua kama mutu ya kidonda."

"Hakuna kitu, Papa."

"Kuna barua yangu," nikasema. "Ya ruhusa ya kufundisha. Inatakiwa shuleni kesho asubuhi. Ina sahihi yake ndani."

Papa alinyoosha mkono. Mkwe hawezi kumnyima baba mkwe kitu mbele ya watu, hata akiwa évolué, hata akiwa na vijitabu kumi na viwili. Anaclet alitoa bahasha na kumkabidhi kwa mikono miwili, inavyotakiwa.

Papa aliigeuza mbele na nyuma. Papa anasoma katekisimu kwa Kimashi, polepole, na kidole. Kifaransa hakijui. Shangazi hakijui. Katika uwanja mzima tulikuwa wawili tu tuliokijua.

"Weye njo uko na diploma," Papa akaniambia. "Fungua, usome, utuambie kwa Kiswahili. Kama ruhusa iko, tutaona kama mutu huyu anafaa kuachiwa. Kama haiko, viatu."

"Papa," Anaclet akasema, "ni barua ya administration. Haisomwi uani."

"Soma, Godelive."

Nikachana bahasha.

Karatasi moja, mwandiko wenye mikia mirefu. Tarehe kumi na mbili Julai. Tulifunga ndoa tarehe kumi na nne.

Nilisoma kimya mstari wa kwanza, nikarudia. Anaclet alimwarifu Mère Directrice, kwa heshima kubwa, kwamba mke wake, kwa hiari yake mwenyewe, hataki tena kufundisha. Alimwomba ampe mwingine nafasi hiyo. Alimshukuru kwa malezi mema. Sahihi.

Siku mbili kabla ya kunivisha pete. Majuma saba ya un, deux. Na kesho angeipeleka na mikono yake miwili.

Niliinua macho. Anaclet alikuwa amekaza macho kwenye karatasi. Ndipo nikaiona njia. Kama ningeisoma karatasi hiyo kama ruhusa, angefanya nini? Akinipinga, atasema yeye mwenyewe mbele ya wakwe ameandika nini. Asiponipinga, ametoa ruhusa mbele ya mashahidi ishirini, na Papa angemfanya aiandike upya kabla jua halijazama. Aliiona njia hiyo dakika ileile. Akili anazo, ni misuli tu iliyokosekana.

"Mère Directrice," nikaanza, kwa sauti ya darasani, "mimi Anaclet, mume halali wa Godelive, ninamruhusu mke wangu kufundisha katika shule yako kuanzia Septemba hii, bila masharti."

Papa alitikisa kichwa kukubali. Shangazi alitoa kiko mdomoni. Anaclet alitoa tabasamu kama la mtu anayekunywa dawa.

"Ile ni vizuri," Papa akasema. "Ile ni mutu."

"Ngojeni."

Ilikuwa sauti ya chini, kutoka udongoni. Mama Anaclet alikuwa amesimama, kichwa wazi. Alipita katikati ya watu, akasimama karibu nami kiasi cha kunusa maziwa kwenye mikono yake. Hakuitazama karatasi. Alimtazama mwanawe, usoni, kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mimi Kifaransa sijui," akasema. "Lakini uso ya mutoto wangu nilianza kuisoma kabla yenu wote. Ile haiko maneno ya karatasi."

Akanigeukia mimi.

"Nilikulisha na hii mikono. Umetoka kuniokoa mbele ya batu. Sasa usinidanganye na weye." Akanigusa mkono, ule mgumu, akauacha. "Anza tena, Godelive. Soma vile iko."

Papa alinigeukia. Anaclet pia. Karatasi ilikuwa mikononi mwangu, na Jumatatu ilikuwa kesho.